Tumbo likifura kila jioni, anza kushuku kitunguu

Watu wengi hapa Kisumu wanatembea na tumbo linalouma, limejaa gesi, leo choo ni kigumu kesho ni kuharisha, na kila wakienda kemisti wanauziwa dawa ya amoeba. Mimi nimemeza hizo sana, na za taifodi, na za vidonda vya tumbo, linatulia siku chache linarudi palepale. Mwishowe daktari mmoja akakaa na mimi, akanipima, akaniambia ni IBS (irritable bowel syndrome). Utumbo hauna kidonda, shida ni vile unafanya kazi na vile mishipa yake ya fahamu inahisi kila kitu kupita kiasi. Tena inaweza kuanza baada ya kuugua tumbo vibaya, karibu mtu 1 kati ya 10 hubaki nayo, kwa hivyo pengine amoeba ilikuwepo kweli ila ilishaisha zamani.

Lakini ukiona damu kwa choo, unakonda bila sababu, damu mwilini iko chini, maumivu yanakuamsha usiku, ama hii shida ya tumbo imeanza ukiwa umepita miaka 50, tafadhali wachana na simu uende hospitali kwanza.

Sasa chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, ndio walitengeneza mpangilio wa kupunguza kitu kinaitwa FODMAP, yaani aina za sukari na wanga ambazo utumbo mdogo haunyonyi vizuri, zinavuta maji, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha kama busaa na gesi inatoka hapo. Kila mtu hutoa hiyo gesi, mwenye IBS ndiye anaisikia kama maumivu. Na ziko wapi? Kitunguu, kitunguu saumu, ngano, maharagwe, ndengu, maziwa. Chapo madondo na chai ya maziwa, hapo umezipanga zote meza moja.

Kitunguu ndicho watu hawashuku kabisa. Mtu anaacha pilipili, anaacha nyama, anaacha hata ugali ambao wa mahindi kwa wengi hauna shida, na bado omena, sukuma, kila kitu kinaanzia kwa kitunguu. Ile fruktani yake, yaani FODMAP iliyo ndani yake, inayeyuka kwa maji, kwa mafuta haiyeyuki, so kukichagua kutoka kwa mchuzi ni kazi bure, imeshaingia. Kaanga vipande vikubwa kwa mafuta pekee, toa vyote kabla nyanya na maji hazijaingia, ladha inabaki. Ama tumia majani yake ya kijani peke yake, na tangawizi, na dania. Ngege aliyepikwa hivyo ni mtamu, naapa. Na viungo vya pakiti soma nyuma, vingi vina unga wa kitunguu.

Maziwa, jaribu chai ya rangi kwanza, watu wazima wengi huku kwetu laktosi, ile sukari ya maziwa, inatushinda. Maharagwe loweka usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, halafu ule kidogo.

Na usikae hivi milele!! Hapa ndipo naona watu wakijiumiza, wanaacha vyakula mwaka mzima wanabaki na wali na waru. Kupunguza ni wiki 2 hadi 6, baada ya hapo unarudisha kimoja kimoja, kidogo leo, kesho unaongeza, kesho kutwa unaongeza, unaandika tumbo limesema nini, halafu unapumzika kabla ya kingine. Ukipata mtaalamu wa lishe hospitalini fanya naye hii sehemu. Hao bakteria wa tumbo pia wanahitaji kula, na wewe unahitaji maharagwe. Kama wiki zimeisha na hakuna kitu kimebadilika, rudisha vyakula vyote umwambie daktari, pengine chako si chakula, stresi pia huchochea hii kitu sana.

Kwa matanga ama harusi huwezi kuanza kumuuliza mpishi ameweka nini kwa sufuria, hapo mimi huchukua ugali, nyama choma na mboga kidogo, mchuzi naacha.