Bukari wa saa 21 na kilo zisizoshuka

Kuna ushauri mmoja unaozunguka Lubumbashi nzima, kuanzia Katuba hadi Golf: ukitaka tumbo lishuke, usitie kitu mdomoni baada ya saa 18. Wengi wanaushika wiki moja, mbili, kisha wanauacha, kwa sababu nyumba yenyewe inakula saa 20 au 21. Mama anatoka sokoni jua limeshazama, makala hayajashika moto kwenye mbabula, maji ya bukari, yaani ugali, bado hayajachemka. Ukimwambia mtu wa nyumba hiyo asile baada ya saa 18, umemwambia alale njaa. Na aliyelala njaa siku tatu mfululizo, siku ya nne anakula kwa kulipiza.

Je, kula usiku kunazuia uzito kupungua? Saa yenyewe inachangia, lakini kidogo. Kinachokwamisha watu wengi ni kwamba mchana tumbo lilikuwa tupu, basi chakula cha siku nzima kinarundikwa kwenye sahani moja ya usiku, na hakuna anayekipima.

Tuanze na hiyo saa, maana si uongo mtupu. Mwili una mwendo wake wa mchana na usiku. Jioni unashughulikia sukari polepole kuliko asubuhi, hivyo sahani ileile ya bukari huacha sukari nyingi zaidi kwenye damu ikiliwa saa 21 kuliko ikiliwa saa 8 asubuhi. Mwaka 2022 watafiti wa Boston, Marekani, walichukua watu 16 wenye uzito uliozidi, wakawapa chakula kilekile kwa ratiba mbili. Ya pili ilisogezwa mbele kwa muda wa saa nne hivi. Kwenye ratiba ya kuchelewa, njaa iliongezeka, homoni ya shibe iitwayo leptini ilishuka, na mwili ulichoma pungufu ya karibu asilimia 5 katika muda wa kuwa macho. Hizo ni kama kalori 60.

Kalori 60 ni nusu ya kijiko cha mezani cha mafuta. Tazama mkono unaomimina mawese kwenye sufuria ya sombe (majani ya muhogo) kutoka kwenye chupa: ukichelewa kuinuka sekunde moja tu, hizo 60 zimeshapita.

Mwaka huohuo, Aberdeen huko Uskoti, watu 30 walifuata wiki 4 za kula kwa wingi asubuhi na wiki 4 za kula kwa wingi jioni, jumla ya kalori ikiwa sawa. Kilo walizopunguza zililingana, zaidi kidogo ya 3 kila upande. Tofauti ilikuwa kwamba walipokula vizuri asubuhi, njaa haikuwasumbua sana siku nzima kama walipokula kwa wingi jioni. Mahali pale chakula kilipimwa na watafiti, kwa hiyo njaa haikuweza kuharibu hesabu. Nyumbani hakuna anayekupimia. Njaa ndiyo inayoshika mwiko.

Sasa tuangalie hesabu ya siku ya kawaida. Asubuhi chai yenye vijiko 3 vya sukari na mandazi mawili. Mchana hakuna kitu, au karanga za mkononi ukiwa njiani. Jioni bukari. Unga wa mahindi uliojaa kikombe cha robo lita una uzito wa karibu gramu 140, na ndani yake kuna kalori 500 hivi. Maji hayaongezi kalori, yanaongeza ukubwa tu. Bukari uliopikwa, kipande cha ukubwa wa ngumi, ni karibu gramu 200 na kalori 250. Mtu aliyeshinda na njaa anakula ngumi nne bila kuhisi chochote, kwa sababu shibe huchelewa kufika kichwani, dakika 15 hadi 20, na tonge la bukari halihitaji kutafunwa sana. Hizo ni kalori 1000 kabla ya kuhesabu mboga, mafuta na samaki. Hapo ndipo kilo zinapoongezeka. Angekula sahani hiyo saa 15, zingeongezeka vilevile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha chakula cha mchana. Lenga kalori 400 hadi 500 kati ya saa 12 na saa 14. Hata kwa vitu vya barabarani inawezekana: kipande cha muhogo wa kuchemsha cha ukubwa wa ngumi, karanga konzi moja (gramu 30, kalori 170 hivi) na yai moja la kuchemsha. Au nusu ya parachichi kubwa, yai na ndizi mbili. Soda usiihesabu kuwa chakula. Chupa ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, na baada ya saa moja njaa imerudi palepale.

Ambaye hana pesa ya kununua mchana achukue kwenye sufuria ya usiku. Hili ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote, na halihitaji kuongeza matumizi ya nyumba. Sehemu yako ya kesho toa mapema, kabla watu hawajaanza kuchovya mikono, kwa sababu mboga iliyoguswa inaharibika haraka. Maharage, lengalenga au sombe weka kwenye bakuli pana ili vipoe upesi, funika, weka mahali pa baridi pasipofikiwa na panya wala mende. Kama huna friji, asubuhi angalia kwanza: ukikuta povu, ute au harufu ya uchungu, mwaga. Kama kiko sawa, rudisha motoni kichemke kabisa, kitoe mapovu kwa dakika kadhaa, ndipo ukifungashe. Samaki na nyama usivilaze bila friji, hasa mwezi wa 9 na wa 10 ambapo joto letu linapanda. Siku hizo beba mboga, ununue yai njiani. Bukari usiufunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa moto. Unatoa jasho, unalainika na kuchacha. Ufunge kwenye kitambaa safi kikavu, asubuhi ukate vipande na kuvipasha juu ya mbabula mpaka vikauke nje.

Wiki ya kwanza mchana hutakuwa na njaa kubwa, kwa sababu tumbo limezoea kungoja usiku. Kula hivyohivyo, hata nusu. Baada ya siku chache utaona mkono wenyewe unapungua kasi jioni.

Kazi ya pili ni sahani ya usiku. Bukari: ngumi moja kwa mama asiyefanya kazi nzito, moja na nusu kwa anayebeba mizigo au kulima. Mboga za majani zichukue nusu ya sahani. Samaki, iwe tomusoni au fretini, kiasi cha kiganja bila vidole. Mafuta ndiyo yanayohitaji jicho. Kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120, yawe mawese au ya chupa, hakuna tofauti. Watu sita wanakula? Vijiko sita kwa sufuria yote, basi, na pima kwa kijiko, usipime kwa jicho. Sombe iliyotiwa karanga zilizotwangwa haihitaji vijiko sita; vitatu vinatosha, maana karanga ni mafuta tayari. Ukimaliza kula na chini ya sahani kumebaki dimbwi jekundu ambalo unalifuta na tonge la mwisho, elewa kwamba tonge hilo limezidi uzito wake.

Kula kwenye sinia moja na watoto au ndugu ni vizuri, hatusemi mtu ajitenge. Ila kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kata kipande chako mwanzoni, kiweke mbele yako, kikiisha unaendelea na mboga tu. Wageni hawatakuona umekataa chakula, kwa sababu mkono wako bado unaenda.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kupunguza bukari, akafurahi, kisha akajaza nafasi ile kwa michopo yenye mafuta. Mwingine anaacha chakula cha usiku kabisa, halafu saa 22 anakunywa chai ya maziwa na mkate mzima, akasema hajala. Na mama anayepika huonja: kijiko cha mchuzi, tonge la kujaribu kama bukari umeiva, mabaki ya sahani ya mtoto ambayo ni dhambi kuyatupa. Mabaki hayo yawekwe kwenye bakuli la kesho. Kuonja kuwe kijiko kimoja kidogo, mara mbili, basi.

Bia tuiseme wazi. Chupa kubwa moja, za kwetu za sentilita 70 na kitu, ina karibu kalori 300. Chupa mbili baada ya chakula ni bukari mwingine mzima wa ngumi mbili na zaidi, na pombe huamsha hamu ya kula chumvi na mafuta. Anayetaka kilo zishuke na hataki kuacha kabisa achague siku moja ya wiki, anywe moja, na anywe akiwa ameshakula.

Umeme ni tatizo la kweli kwa ratiba. Nyumba nyingi hupika unaporudi, na ukirudi saa 22 watu hula saa 23 na kulala saa hiyohiyo. Maharage na sombe ndivyo vinavyochukua muda, basi vipikwe wakati wowote umeme ulipo, hata asubuhi. Bukari hauzidi nusu saa, unaweza kuusonga juu ya makala machache. Kulala mara tu baada ya kula hakugeuzi chakula kuwa mafuta kwa namna ya pekee, lakini kunaleta kiungulia, kunakata usingizi, na mtu aliyelala vibaya huamka na hamu kubwa ya sukari. Acha saa mbili au tatu kati ya tonge la mwisho na kitanda. Ikishindikana, kula nusu, nusu ibaki ya asubuhi, na ulale ubavu wa kushoto huku kichwa kimeinuliwa.

Wafanyakazi wa zamu ya usiku migodini na masentineli hawawezi kufuata saa hizi. Kwao mlo mkubwa uwe kabla ya kuingia kazini, saa 18 au 19. Katikati ya usiku kitu chepesi: yai, ndizi, karanga konzi moja, maji. Kati ya saa 2 na saa 5 za alfajiri mwili hushika sukari vibaya, kwa hiyo bukari wa saa hiyo ni bora uepukwe. Wakitoka, kifungua kinywa kidogo, ndipo walale.

Wapo ambao hawapaswi kuacha wala kupunguza chakula cha usiku bila kuongea na daktari au muuguzi wao: anayejidunga insulini au anayemeza glibenklamidi kwa ugonjwa wa sukari, maana sukari inaweza kushuka usingizini mpaka mtu akapoteza fahamu. Jasho la ghafla, kutetemeka na kuchanganyikiwa ndizo dalili. Maji yenye sukari yapewe mara moja kama bado anaweza kumeza. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, na mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu, nao hawa si watu wa kupunguza kilo kwa kujikata chakula.

Kuhusu mizani, usiku unadanganya sana. Ukila bukari mwingi na samaki wa chumvi saa 21, asubuhi unaweza kukuta kilo moja au zaidi imeongezeka. Si mafuta. Ni chakula ambacho bado kiko tumboni, maji yaliyoshikwa na chumvi, na maji yanayoambatana na wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini, karibu gramu 3 za maji kwa kila gramu 1. Watu wengi wameamini kwamba chakula cha usiku kinanenepesha usiku uleule kwa sababu ya namba hiyo. Kinyume chake pia: aliyeruka chakula cha usiku anaona kilo imeshuka asubuhi, anashangilia maji.

Kama nyumbani kuna mizani, pima asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, na uchukue wastani wa siku 7. Kama unategemea mizani ya farmasi, nenda mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, nguo nyepesi. Ongeza metere ya fundi wa cherehani: izungushe kwenye kitovu, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani, andika namba kwenye daftari.

Ukipunguza kalori 500 kwa siku, tegemea karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha mwendo unapungua. Baada ya wiki 4, kama mizani na metere vyote havijasogea, usikimbilie kusogeza saa ya kula. Anza na mafuta: pima tena kwa kijiko wiki moja nzima, bila kukadiria. Kama yako sawa, punguza sukari ya chai kutoka vijiko 3 hadi kimoja. Ndipo, mwishoni, ukate robo ya ngumi kwenye bukari wa usiku.