Mkoba Dirishani: Maswali Yenu Kuhusu Kula Mnarani

Nilipoandika hapa juu ya safari yangu ya kwenye mnara mmoja wa ng'ambo wenye mgahawa kileleni, nilidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka huku kwetu Kigoma, yaani Ujiji, Mwanga, Kasulu, na moja limetoka kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ambaye angeweza kuniuliza tu nikianika nguo. Haya, tuanze.

Mwanangu yuko Toronto, amenialika na anasema atanipeleka kula kwenye mnara unaozunguka. Mimi hata ngazi ya kuchumia maembe naiogopa. Mnara wote huo unazunguka? Ukiyumba je? Na nivae nini? (Mama wa Ujiji)

Shikamoo mama. Kwanza nikutoe hofu: mnara umetulia pale pale ulipojengwa. Kinachozunguka ni sakafu ya mgahawa, nayo si yote, ni ile pete ya nje yenye meza. Mnara wa Toronto, CN Tower, una urefu wa mita 553, na mgahawa wake uko kwenye mita 351. Pete hiyo inamaliza mzunguko mmoja kwa dakika 72, mwendo wa kobe aliyeshiba. Ukiwa umeinamia sahani hutahisi kitu. Ukiinua macho ndipo utashangaa jengo lililokuwa mbele yako limefika begani.

Sasa sikiliza la muhimu kuliko yote. Katika migahawa mingi ya namna hii ukuta wa dirisha hauzunguki pamoja na meza. Mimi sikulijua hilo. Nilikaa, nikaweka mkoba wangu kwenye kizingiti cha dirisha, ndani yake pasipoti, simu na nauli ya kurudia. Supu ikaja. Nikanywa, nikageuka: hakuna mkoba! Nilisimama nikapiga kelele ya mtu wa Kibirizi aliyeibiwa wavu. Mhudumu hakushtuka hata kidogo, akaninyooshea kidole meza ya nne nyuma yangu, ambako wazee wawili walikuwa wanautazama mkoba wangu kama bomu. Wao walikuwa wamesogezwa hadi penye mkoba, mimi nimepelekwa mbele na supu yangu. Kwa hiyo mama, mkoba mapajani. Na ukienda msalani, angalia umekaa na akina nani jirani, maana ukirudi meza yako haitakuwa pale ulipoiacha.

Lifti inapanda kwa sekunde 58 hivi. Masikio yataziba kama yanavyoziba gari likishuka kutoka Manyovu kuja mjini. Meza mate, yatafunguka. Kuyumba, minara mirefu yote husanifiwa iyumbe kidogo upepo ukiwa mkali, kama mchikichi, kwa sababu kisichopinda huvunjika. Radi nayo hupiga mnara ule wastani wa mara 75 kwa mwaka, na umeme wake hushushwa ardhini kwa vyuma maalumu, watu wakiendelea na chakula chao. Watani zetu wa Sumbawanga wasijisifu kwa radi zao.

Kuna mahali, mita 342 juu, sakafu ni ya kioo na unaona barabara chini ya nyayo zako. Ipo tangu 1994, na wenyewe walikuwa wakitamba kwamba inabeba viboko wakubwa 14. Mtu wa Ujiji anamjua kiboko, kwa hiyo hesabu hiyo unaielewa kuliko watalii wengi. Lakini hakuna anayelazimishwa kukanyaga. Mwanao akikuvuta mkono, mkumbushe nani alimzaa.

Kuhusu fedha, mwanao aulize wakati wa kuweka nafasi kama mlo kamili unahesabiwa pamoja na kiingilio cha kupanda. Utaratibu wao umekuwa hivyo, kwamba ukila juu hulipi tena lifti, na hapo bei ya chakula inamezeka vizuri zaidi. Nafasi iwekwe mapema na mwombe meza ya saa ile jua linapozama, ili uone mchana, magharibi na taa kwa bili moja. Ila angalia mwezi: hapa kwetu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kule mwezi wa Juni huzama saa tatu usiku, na Desemba kabla ya saa kumi na moja jioni.

Vaa kitenge chako kizuri na koti juu yake. Dagaa wa kukaanga mpelekee mwanao nyumbani. Mlangoni pa mnara wanakagua mizigo kama uwanja wa ndege, na chakula cha mfukoni hakiingii mgahawani.

Meza yako ikifika upande wa kusini utaliona Ziwa Ontario. Kutoka Toronto kuvuka kwenda upande wa Niagara ni kama kilomita 50, karibu sawa na upana wa kawaida wa Tanganyika yetu. Hewa ikiwa safi ng'ambo inaonekana, ikiwa na ukungu huoni, kama milima ya Kongo tu: leo unaihesabu mikunjo yake, kesho utaapa haijawahi kuwepo. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: tazama anga kwanza, tiketi baadaye.

Nakwenda Dubai kufunga mzigo. Wenzangu wananiambia nisirudi bila kupanda Burj Khalifa. Ghorofa ya 124 au ya 148? Na kweli ukienda kunywa kahawa tu mgahawani unakwepa kiingilio? (Mfanyabiashara, Mwanga)

Jengo lina mita 828, lakini hufiki ncha. Jukwaa la ghorofa ya 124 liko kama mita 456 kutoka chini, la 148 liko mita 555, na bei inapanda kuliko urefu. Tufanye hesabu. Umbali wa upeo wa macho kwa kilomita ni takriban 3.57 mara kipeuo cha pili cha urefu kwa mita. Ghorofa ya 124 inakupa kilomita 76, ya 148 inakupa 84. Kilomita nane za nyongeza, tena za jangwa na bahari! Urefu ukiongezeka mara nne, upeo unaongezeka mara mbili tu. Na kiangazi cha kule vumbi likishika anga hata hizo 76 huzipati. Kaka, chukua ya 124, tofauti nunulia katoni nyingine ya mzigo.

Ya kahawa ni nusu kweli. Mgahawa wa ghorofa ya 122 una mlango wake na hudaiwi tiketi ya jukwaani, lakini wanaweka kiwango cha chini cha matumizi kwa kila mtu. Kahawa yako itasindikizwa na vitu usivyoviagiza moyoni. Na saa za machweo tiketi za jukwaani ni ghali kuliko za asubuhi. Wewe uko huko kikazi, panda asubuhi.

Safari yako ikiangukia Ramadhani, jua hili: walio juu bado wanaliona jua wakati wa chini limeshawazamia. Mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walielekeza kwamba walio kati ya ghorofa ya 80 na 150 wafuturu dakika mbili baada ya walio chini, na wa juu zaidi dakika tatu. Tende yako ishike mkononi kwanza.

Kwa nini minara ya televisheni inawekwa mgahawa? Mnara wetu wa simu hapa una ndege tu. (Mwanafunzi, Kasulu)

Swali zuri, mdogo wangu. Stuttgart, Ujerumani, walitaka mlingoti wa kurushia matangazo. Mhandisi Fritz Leonhardt akasema chuma kitupu ni hasara, tujenge mnara wa zege wenye mgahawa na mahali pa kutazamia. Ukafunguliwa 1956, gharama zikiwa marki milioni 4.2, na viingilio vikazirudisha ndani ya miaka mitano. Wengine wakaiga mbio mbio. Dortmund mwaka 1959 wakaongeza mgahawa unaozunguka. Hata ule wa Toronto uliomalizika 1976 ulijengwa na shirika la reli, Canadian National, na CN ni herufi zake. Sisi reli ilipotufikia mwaka 1914 ilituachia stesheni, ambayo kwa uzuri sibadilishi na mnara wowote.

Shule yetu inapanga ziara ya Nairobi. KICC inafaa? (Mwalimu, Mwandiga)

Inafaa. KICC ni jumba la mikutano la Kenyatta, jengo la mwaka 1973, ghorofa 28, mita 105, na paa lake ndilo watu wanalopandia kutazama. Juu wakajenga mgahawa wa kuzunguka pia, ila msipange chakula cha watoto huko. Ulizeni kabla ya safari kama paa liko wazi kwa wageni, na msiende Julai, mawingu ya Nairobi mwezi huo ni blanketi. Hewa ikiwa safi alfajiri, Mlima Kenya unaonekana.

Sisi tusio na pasipoti tupande wapi? (Jirani)

Jirani, hatuna mnara, tuna vilima. Fuata barabara ya Lumumba kutoka stesheni, panda na miembe mpaka Mwanga, tafuta pa kukaa panapotazama ziwa. Nenda giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Kuanzia saa mbili vipe, vyombo vyao vya uvuvi, vinawasha taa kimoja kimoja, na kufikia saa nne ziwa lote limekuwa mji ambao mchana haukuwepo. Usiende tu ziwa likiwa limefungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, utaangalia giza. Beba mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo kwenye hotipoti. Mkoba weka popote, ukigeuka utaukuta, labda awe amepita mtu.