Jibu: Mel Brooks alianzia televisheni au filamu?

Ndugu, umeuliza Mel Brooks, yule mchekeshaji na mwongozaji wa Marekani, alianzia wapi kati ya filamu na televisheni. Ni televisheni. Miaka ya 1950 alikuwa kwenye kundi la waandishi wa mchekeshaji wa televisheni Sid Caesar, kisha 1965 akabuni kipindi cha televisheni cha vichekesho, Get Smart, pamoja na Buck Henry. The Producers, filamu ya kwanza aliyoiongoza, ikampa Oscar ya uandishi. Ila mwaka wake hasa ni 1974: filamu zake za vichekesho Blazing Saddles na Young Frankenstein, zote mwaka huohuo! Mimi kinachonifurahisha zaidi ni hiki: kampuni yake ilipotengeneza The Elephant Man (1980), filamu ya majonzi matupu, jina lake alilificha, watu wasije wakaingia ukumbini wakitegemea kuvunjwa mbavu.