Jibu: Mdogo wangu kakatwa panga, hatukuchukua PF3, na watoto hawalali

Pole sana mkuu, wewe na mtaa mzima. Umesema mdogo wako alikatwa panga kiganjani usiku wa tukio mtaani kwenu Mbagala, akashonwa zahanati bila PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), na sasa watoto wanashtuka usiku wakilia.

Anza na mkono. Kama hakuchomwa sindano ya pepopunda, aende leo. Kisha akunje na kukunjua kila kidole peke yake. Kikigoma au kikiwa na ganzi, huenda kano au neva imekatika chini ya nyuzi, na asisubiri zitolewe: aende hospitali ya Temeke au Muhimbili.

PF3 bado mnaipata. Nendeni kituo cha polisi, atoe maelezo, mchukue namba ya RB (namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi) na fomu, ni bure. Aliyemtibu ndiye ajaze. Msikubali aandike "jeraha mkononi" tu, maana mahakamani halisaidii. Lazima aeleze mahali, urefu, kina na aina ya silaha. Pigeni kopi kabla ya kuirudisha. Shati lenye damu msilifue wala kulifunga kwenye nailoni, litaota ukungu. Likauke kivulini, liwekwe kwenye bahasha ya khaki.

Watoto sasa. Kinachoweza kuwaumiza zaidi ni video za tukio zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, zifuteni. Mtu mzima alale nao, wale na kulala saa zilezile. Wakiuliza, wajibuni ukweli kwa kifupi. Hali ikipita mwezi, au mmoja akiacha kula au kuongea, msingoje: pigeni 116, simu ya watoto, ni bure.