Mkanda wa jeshi, dozi pungufu na unga wa "helikezi"

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, yupo Tukuyu, kashikwa na mkanda wa jeshi ubavu wa kulia. Duka la dawa walimpa asaikloviri ya miligramu 200, kidonge kimoja mara tano kwa siku. Leo siku ya nne, malengelenge mapya bado yanatoka. Kuna muuzaji wa mnadani mwenye unga wa mizizi, anasema unazuia "helikezi", kimeng'enya kinachofungua DNA ya kirusi, na kwamba unatibu hata VVU. Tumpe?

Jibu: Marahaba. Msimpe. Kilichokwama hapo ni dozi. Miligramu 200 mara tano ni dozi ya malengelenge ya mdomoni au sehemu za siri. Kirusi cha mkanda wa jeshi, kilekile cha tetekuwanga, ni sugu zaidi kwa dawa hii, na utumbo wenyewe hunyonya sehemu ndogo tu ya kidonge. Mtu mzima mwenye figo nzima hupewa miligramu 800 mara tano kwa siku 7: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Kwa vidonge vya 200 hivyo ni vinne kwa mkupuo, 140 kwa tiba nzima. Anywe maji mengi, maana dawa hii ikikosa maji huganda chembechembe kwenye figo. Saa 72 za mwanzo, ambazo ndizo bora, zimeshapita, ila maadamu malengelenge mapya yanatoka, bado inafaa. Mpelekeni hospitali leo aandikiwe, na apimwe VVU hapohapo.

Sasa huo unga. Helikezi ipo kweli, na ndiyo maana uongo huu unauzika. Kwa kirusi hiki ni mtambo wa vipande vitatu. Kimoja hutembea juu ya DNA kikichoma nishati ya seli na kufumua nyuzi zake mbili, kama mtu anavyofumua msuko wa nywele. Cha pili huweka vijiuzi vifupi vya kuanzia nakala, cha tatu huvishikanisha hivyo viwili vya mwanzo. Asaikloviri haigusi mtambo huo: husubiri nyuma yake, hujipenyeza kwenye uzi mpya unaojengwa na kuufunga mwisho. Dawa ya kuzuia helikezi yenyewe ipo, amenameviri, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2017 kwa mkanda wa jeshi, miligramu 400 mara moja kwa siku kwa siku 7. Ndugu yake priteliviri huzuia helikezi ya kirusi cha malengelenge ya mdomoni, lakini ya mkanda wa jeshi haiigusi. Virusi hivyo ni wa ukoo mmoja! Halafu mtu anakwambia mzizi mmoja unamaliza vyote.

Kinachochosha zaidi ni ule utetezi wa wauzaji wa unga kama huo: "umepimwa maabara, ukazuia kimeng'enya". Chai ya Rungwe iliyokolea nayo ingezuia. Tanini zake hunata kwenye protini yoyote ndani ya chupa ya majaribio, iwe ya kirusi, ya ng'ombe au yako. Swali la maana ni kama kitu hicho kinaacha helikezi zetu salama, kwa sababu kila seli ya binadamu inazo nyingi. Anayezaliwa na hitilafu kwenye moja tu, iitwayo WRN, huota mvi akiwa na miaka ya ishirini na kupata mtoto wa jicho kwenye thelathini. Unga unaozuia helikezi bila kuchagua ni sumu, na usiozuia ni mizizi tu.

Kuhusu VVU uongo umevuka mpaka. VVU havina helikezi yao, huazima za seli. Dawa hiyo inatibu kitu ambacho kirusi hakina. Nyanda za Juu Kusini, ambako maambukizi ni mengi kuliko sehemu kubwa ya nchi, wapo wanaoacha TLD, kidonge chao cha kila siku cha VVU, kwa ajili ya pakiti kama hiyo, na wapo wanaomeza vyote viwili wakidhani wanaongeza nguvu. Unga usioandikwa kilichomo ukiwa na kalsiamu, chuma au magnesiamu huinasa dolutegraviri, mojawapo ya dawa tatu zilizomo kwenye TLD, tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Mgonjwa anameza kidonge chake kila siku bila kukosa, na kirusi kinapanda.