Ukifika Vézelay, Kamera Isubiri

Mara ya kwanza nilipopanda kilima cha Vézelay, eneo la Bourgogne huko Ufaransa, kuliona kanisa lake la kale, nilikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo. Nilishuka na picha zaidi ya mia mbili. Jioni mwenzangu akaniuliza: lile dari la mawe linasimamaje? Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, ingieni, mkae kwenye benchi robo saa, simu mfukoni. Mtafute mzigo unashukia wapi. Makanisa mengi ya mtindo wake, Romaneski, ule wa Ulaya ya karne ya 11 na 12, yana dari kama pipa refu lililopasuliwa, limekalia ukuta mzima, na ukuta wa namna hiyo huwezi kuutoboatoboa ovyo. Vézelay, ambako ukumbi mkuu ulijengwa upya baada ya moto wa 1120, mafundi walikutanisha mapipa mawili kwa mkato wa msalaba. Uzito ukakimbilia pembe nne, nguzo zikaupokea, na juu kabisa pakapatikana nafasi ya madirisha. Mwanga unaousifia umetoka kwenye hesabu hiyo.

Matao ya darini yamepangwa kwa mawe ya rangi mbili, jeupe na la kahawia, jeupe na la kahawia. Usiishie kwenye rangi. Simama katikati, tazama umbo: si nusu duara kamili, juu yamebonyea. Dari limezisukuma kuta kwa nje. Mimi nilidhani lenzi yangu ina kasoro! Zunguka nje uyaone matao ya kuegemeza yanavyozishikilia kuta zisizidi kwenda. Mwaka 1840, msanifu majengo Mfaransa Eugène Viollet-le-Duc alipokabidhiwa ukarabati akiwa na miaka 26, jengo lilikuwa karibu kuanguka.

Hapo ndipo penye mtego. Mchongo ulio juu ya mlango mkuu wa nje ni kazi ya karne ya 19, ya wakati wa ukarabati huo. Mimi niliuandika kwenye ripoti kuwa wa karne ya 12, na mwalimu aliuzungushia wino mwekundu. Sehemu ya altare nayo ni ya baadaye kidogo, mtindo wa Gothiki. Utaona matao yamechongoka.

Mchongo wa zamani umo ndani, ukishapita baraza ya mbele. Kristo amekaa katikati, miale inatoka vidoleni mwake kuwaendea mitume, na pembeni na chini wamejaa watu wa mataifa ya mbali: wenye vichwa vya mbwa, wenye masikio mapana kama ungo, na mbilikimo anayepanda farasi kwa ngazi. Waliwachonga watu wa kusikia tu. Nilijiuliza sisi wa pwani wangetupa masikio ya ukubwa gani.

Darubini ndogo itakufaa kuliko lenzi kubwa, maana vichwa vya nguzo vina visa vyake huko juu. Kitafute kile cha kinu: mtu mmoja anamimina nafaka, mwingine anakinga unga. Wafafanuzi husema ni Musa na Paulo, Agano la Kale likisagwa kuwa Jipya. Watawa wakianza sala, kaa ulipo. Kutembeatembea na darubini shingoni ni utovu wa adabu.

Jambo la mwisho ni saa. Siku zinazozunguka tarehe 21 Juni, jua likiwa juu kabisa, madirisha ya kusini hudondosha madoa ya mwanga sakafuni, yakapanga mstari katikati ya ukumbi hadi kuelekea altareni. Nilifika saa sita kamili, nikaona madoa yako kando, nikataka kuondoka. Kumbe saa za Ufaransa majira ya joto zimesogezwa mbele. Adhuhuri ya jua pale ni kama saa nane kasoro robo. Siku hiyo kamera itoe.