Gego lililotibiwa mzizi limerudi kuuma: nimfuate bingwa yupi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Niko Morogoro. Miezi minane iliyopita nilitibiwa mzizi wa gego la chini kulia, likazibwa kwa dawa nyeupe, kofia ya kulifunika jino sikuwekewa. Sasa nikitafuna linauma, na kwenye ufizi pametokea kipele cha usaha. Kikipasuka napata nafuu, siku chache baadaye kinarudi. Daktari wa hapa ameniambia nitafute bingwa Dar es Salaam. Nimepata wawili: mmoja anasema atamaliza siku moja, mwingine anataka niende mara mbili. Kaka yangu anasema ning'oe tu yaishe. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Daktari wako wa Morogoro amekushauri vizuri. Jino la mbele lenye mzizi mmoja ulionyooka, daktari wa meno yeyote mwenye vifaa na subira analimudu. Gego lililokwisha kutibiwa likashindikana ni kazi nyingine. Anayelifungua upya lazima kwanza atoe kilichozibiwa mizizi, ndipo atafute kilichoachwa.

Mara nyingi kilichoachwa ni mfereji mzima, yaani njia nyembamba inayopita ndani ya mzizi. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi 2, lakini mifereji ndani yake huwa 3 au 4, na mdomo wa ule wa nne unaweza kuwa mdogo kama ncha ya sindano. Mama mmoja alinijia na gego kama lako, picha yake ya zamani ya eksirei ameitunza kwenye bahasha. Ukiitazama huoni kosa: mistari myeupe ya mzibo imeteremka hadi chini. Nikapiga nyingine, safari hii mashine nimeisogeza kidogo upande, na kwenye mzizi wa nyuma ule mstari ukaonekana umekaa pembeni badala ya katikati, dalili kwamba huenda kuna mfereji mwingine. Nilipofungua nikatazama kwa darubini, kando ya mfereji uliozibwa palikuwa na kidoa cha kahawia. Nikagusa na sindano ya kusafishia, ikazama. Ilipotoka, harufu ilijaa chumba. Kipele chake kilifunga kabla hata hajarudi kumalizia.

Kwa hiyo neno "bingwa" pekee lisikutoshe. Kwetu Tanzania daktari wa meno husoma shahada kwa miaka 5, kisha anayetaka ubingwa hurudi darasani, na wote husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Lakini wapo mabingwa wa kupanga meno, wa upasuaji wa kinywa na taya, na wa meno ya watoto. Wewe unamtaka aliyebobea katika kutibu jino na kulirudishia umbo. Muulize fani yake waziwazi. Daktari mzuri hatachukia.

Swali la pili ndilo ninaloliamini kuliko yote: "Utanifunika jino kwa mpira?" Ni karatasi nyembamba ya mpira inayotobolewa tundu, jino likachomoza peke yake na mdomo wote ukabaki nyuma. Tangu daktari Sanford Barnum wa New York alipoibuni mwaka 1864, haijapatikana njia bora ya kuzuia mate. Mate yana vijidudu, navyo ndivyo tunavyopigana navyo ndani ya mzizi. Isitoshe, dawa ya kuoshea mifereji ni ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, na vile visindano vikiteleza huangukia kooni. Anayekujibu kwamba pamba zinatosha, mshukuru, uondoke.

Kuhusu siku moja au mbili, usichagulie hapo. Tafiti zilizolinganisha njia hizo hazijaonyesha moja ikiishinda nyingine kwa uponaji. Mimi, nikikuta usaha bado unatoka, huweka dawa ndani, nikalifunga jino, nikamwita mgonjwa baada ya wiki moja au mbili. Kwa treni ya umeme safari yako ni kama saa mbili, usiihofie.

Cha kupima zaidi ni uchunguzi wake kabla ya kushika mashine ya kutobolea jino. Atazame picha ya zamani (nenda nayo) na apige mpya. Anaweza kuingiza kijiti laini cha gatapecha, kile kile tunachozibia mizizi, kwenye tundu la kipele kisha apige picha. Kijiti hufuata njia ya usaha hadi mzizi wenye kosa. Hakiumi kama unavyodhani. Pia apime ufizi kuzunguka jino. Kipimo kikizama ghafla sehemu moja nyembamba, huenda mzizi umepasuka kwa urefu, na hapo ushauri wa kaka yako ndio sahihi: gego hilo ling'olewe. Bingwa anayekwambia hivyo mapema amekuokolea fedha. Kama haujapasuka, usikimbilie kung'oa. Pengo la gego huinamisha meno ya jirani, na kuliziba baadaye kunaweza kukugharimu kuliko kulitibu.

Halafu kofia. Miezi minane bila kofia, gego linalotafuna kila siku, huenda mate yamepenya pembeni ya ule mzibo na kurudisha vijidudu ndani. Pengine aliyekutibu alisafisha vizuri kabisa na kosa likawa hapo. Uliza tangu mwanzo gharama yote pamoja na kofia, na nani ataiweka, usije ukaishiwa njiani kwa mara ya pili.

Wakati unajipanga, usinunue amoksilini dukani kila kipele kinapovimba. Ndani ya mzizi uliokufa hakuna damu ya kuifikisha dawa, kwa hiyo inatuliza nje tu. Lakini ukivimba chini ya taya, ukapata homa, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, usisubiri treni wala bingwa: nenda hospitali ya mkoa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.